Kichuguu cha Kanisa la Karambi

Masika mjukuu wangu,

Huku Bwera tuko wazima, na kahawa imetoa maua. Baba yako yuko juu ya paa anatoa mbao zilizoliwa na mchwa. Umeuliza kama kweli avunje na kichuguu cha nyuma ya nyumba.

Kanisa letu la Karambi lilikuwa na kichuguu kando ya ukuta. Hakuna aliyekigusa, maana kila mvua kilitupa kumbikumbi wa kukaanga. Wiki ya harusi yangu, fundi akagonga kenchi za paa, zikalia kama ngoma.

"Dada, hii mbao iko tupu ndani," akaniambia. "Mulifuga mchwa, sasa imekula kanisa."

Akashusha mabati, akakata palipooza, akaunga mbao mpya kwenye zile nzima. Siku ya harusi ilimkuta hajamaliza. Ukungu wa mlimani ukaingia kwa juu, ukatufunika, nikawa naujua mkono wa babu yako tu. Kisha kumbikumbi wakaruka, mabawa yakatuangukia polepole kama maua. Mchungaji akangoja. Waumini wote walikuwa wameinama wanaokota.

Baba yako akivunje tu. Lakini mvua ikianza, ukisikia nimeonekana kwenye kichuguu cha jirani na kikapu, usishangae.

Bibi yako, Biira