Waya wa Boila

Jumatatu, 3 Machi

Miezi michache tu tangu nivue sare, na leo mimi ni mwenye duka. Duka la dobi! Mtu aliyelinda mipaka sasa analinda mashati ya watu. Mke wangu, Mama Pacha, anacheka mpaka anashika mbavu. Anasema afadhali niandike kila jioni kuliko kumgombeza yeye. Haya, naandika.

Duka ni langu, jina ni la kampuni. Kibao cha nje chao, rangi ya kuta yao, sabuni yao, mashine zao, hata namna ya kumkaribisha mteja yao — "Karibu, tukung'arishe!" Siku ya kwanza niliitamka kwa sauti ya gwaride, mama wa watu akarudi nyuma akashika mkoba wake. Kiinua mgongo changu chote kimelala humu ndani. Kampuni inatupenda sana sisi wastaafu wa jeshi. Yule afisa wao tunayemwita Mama wa Mikataba alituambia wazi ukumbini siku ya kusaini: ninyi mnafuata maelekezo, raia wana maswali mengi. Tukapiga makofi.

Koplo nimempa kazi ya kupiga pasi. Alikuwa chini yangu miaka na miaka kambini, akatolewa mapema kwa sababu ya goti, akaambulia patupu. Nilipopata duka nilimpigia simu siku hiyohiyo. Suruali ikitoka mkononi mwake, mkunjo wake unakata mkate. Bado ananiita afande. Nimemwambia sasa sisi ni raia, aache hayo.

"Sawa, afande."

Alhamisi, 6 Machi

Boila imeanza vituko. Ndiyo inayochemsha maji na kupeleka mvuke kwenye pasi kwa mpira, na juu yake kuna kivali kidogo cha kutoa mvuke ukizidi. Sasa kivali hicho kinapiga mluzi kutwa nzima na kutema maji ukutani. Rangi imeanza kubanduka. Mteja mmoja kaniuliza kama tunapika maharage huko nyuma.

Mama Pacha anasema nimwite fundi aliyetengeneza pampu yetu ya nyumbani. Haiwezekani. Mkataba unakataza mkono wa mtu wa nje kugusa mashine zao. Basi mwite fundi wao, anasema. Sawa — lakini ofisini kwao kuna ubao, kila duka na taa yake. Yangu ni kijani tangu nifungue. Ukiripoti mashine mbovu tu, inageuka njano, yaani duka lina kasoro. Na wiki ijayo Mkaguzi wao anakuja.

"Kwa hiyo?" kaniuliza.

Kwa hiyo nitaripoti akishaondoka. Mbona ni jambo la kawaida?

Jumanne, 11 Machi

Leo wameniita niongee na wastaafu wapya. Ukumbi umejaa, wamekaa wima kwenye viti, mikono juu ya magoti. Tunajuana hata tukivaa fulana. Mama wa Mikataba amenivika kilemba cha ukoka mbele yao — duka la mfano, nidhamu ya mfano — na mimi nimekivaa! Nilihisi raha, sitasema uongo. Tangu niondoke kambini hakuna mtu aliyenitaja mbele ya watu.

Mzee mmoja wa kikosi cha mizinga, sikio moja halisikii, aliuliza mashine ikiharibika nani anashughulika nayo. Mama wa Mikataba akanisukumia mimi swali.

"Kwangu haziharibiki," nikasema.

Makofi. Mzee alimwomba jirani arudie jibu karibu na sikio lake zima, kisha naye akapiga makofi.

Jumatano, 12 Machi

Ukaguzi umepita! Kijani!

Tulianza alfajiri mimi na Koplo. Kusugua sakafu, kupanga hanga za nguo zote zielekee upande mmoja, kupaka rangi pale ukutani. Tulikuwa tunacheka kama vichaa. Tulikumbuka ile siku jenerali alipokuja kukagua magari. Lori letu moja lilikuwa halina injini. Tukaliosha, tukalipaka magurudumu rangi ya viatu, tukalisukuma mpaka kwenye mstari, na Koplo akakaa kwenye usukani kifua mbele. Jenerali akalipapasa boneti, akasema hili ndilo gari. Koplo amesimulia mpaka machozi yakamtoka. Kwetu ukaguzi ndivyo ulivyo: kibovu unakificha, mkubwa anapita, kesho yake unatengeneza. Hakuna aliyewahi kufa.

Ikabaki boila. Inapiga mluzi tu. Gari la Mkaguzi likasimama nje. Nikamwambia Koplo, "Hebu nyamazisha hicho kitu."

Akachukua kipande cha waya, akakifunga kile kivali kisifunguke. Kimya. Mvuke ukabaki ndani.

Mkaguzi ni kijana ambaye ningeweza kumzaa, viatu vyake havijui vumbi. Akapita akitikisa kichwa kwa kuridhika. Boila vipi? Nikabana visigino kama niko gwaridani.

"Tayari, afande!"

Yeye akacheka. Mimi nikacheka. Masikio yalikuwa yanawaka.

Jumamosi, 15 Machi

Hoteli kubwa ya mjini imeleta kazi! Makoti ya wahudumu, vitambaa vya meza, marundo kwa marundo, na wanataka upesi. Hii ndiyo kazi niliyokuwa naiota. Pasi haijawahi kuwa na mvuke wa nguvu namna hii. Koplo anamaliza koti moja wakati zamani angekuwa bado anahangaika na kola.

Ameniuliza, "Nifungue ule waya, afande?"

Ukifunguliwa, mluzi na maji vinarudi, kazi inasimama. Nimemwambia asubiri tumalize ya hoteli.

Jumatatu, 17 Machi

Koplo ameuliza tena. Nilikuwa kwenye simu na meneja wa hoteli. Nikamfanyia ishara ya mkono — baadaye. Fundi wa kampuni bado sijampigia. Kesho.

Jumanne, 18 Machi

Mpira wa mvuke umepasuka. Koplo.

Siwezi.

Jumatano, 19 Machi

Nilikuwa mbele kwa wateja. Nilisikia mlipuko, kisha kelele ya mvuke, na nyuma kote kukawa kweupe. Hakupiga ukelele. Nilisubiri apige ukelele nijue yuko wapi. Akatoka kwenye ule mvuke taratibu, mikono ameinyoosha mbele kama mtu aliyebeba trei.

"Afande, nimezima mashine."

Hilo ndilo neno lake la kwanza. Alizima mashine kwanza! Kwa mikono ile.

Mimi nilisimama. Miaka yote ile, mafunzo yote yale, nilisimama kama nguzo. Mama Pacha, aliyekuwa amekuja kunisaidia kaunta, ndiye aliyemvuta mpaka kwenye bomba, akamwagia maji, akamkatia shati kwa mkasi wa kukatia nyuzi. Ngozi ya mkono wa kulia ilitoka pamoja na kitambaa. Mteja mmoja alitapika mlangoni.

Daktari anasema uso utapona, macho yamenusurika. Mkono wa kushoto pia. Wa kulia ndio kazi. Lazima apelekwe hospitali kubwa, akatwe ngozi ya paja apandikizwe mkononi, na si mara moja. Wakichelewa, vidole vitajikunja hivyohivyo na havitanyooka tena.

Mkewe amekuja mbio, ndala za rangi mbili tofauti miguuni. Hakunilaumu. Laiti angenilaumu! Alinishika mkono wangu — mzima — akasema, "Shemeji, alikuwa anasema kwako ana amani kuliko kambini."

Nilirudi dukani kufunga milango. Sakafu imejaa maji na makoti ya hoteli. Waya bado upo palepale. Umefungwa vizuri, ncha zake zimekunjwa kwa ndani zisije zikamkwaruza mtu. Kazi ya Koplo hiyo.

Ijumaa, 21 Machi

Kampuni imekuja. Mama wa Mikataba na Mkaguzi. Mkaguzi ameupiga picha waya, hakuniangalia usoni.

Mama wa Mikataba alikuwa mpole sana. Kanipa pole, kauliza habari za pacha, kisha akauliza:

"Nani alifunga huu waya?"

"Koplo."

"Kwa mkono wake?"

"Kwa mkono wake. Lakini —"

"Inatosha," akasema. "Usiongeze kitu ambacho hukuulizwa."

Na mimi sikuongeza. Nimezoea.

Halafu akaketi kwenye ngazi za nyuma, akanieleza kama mtu anayemweleza ndugu yake. Kama mfanyakazi alifunga waya kwa kiherehere chake, kampuni haina neno na mimi. Wataleta boila mpya na duka litafunguliwa. Ila bima haimlipii mtu aliyejiumiza kwa kuvunja maelekezo. Kama aliamriwa na mwenye duka — hapo bima itamtibu mpaka mwisho, na mimi navuliwa jina, mashine zinachukuliwa, nilichoweka hakirudi. Jumatatu asubuhi watakwenda wodini kumsikia mwenyewe. Akisema ni yeye, yameisha.

"Ninyi wanajeshi mnalindana," akasema akiinuka. Sikuelewa anamaanisha nani amlinde nani. Nilielewa.

Jumamosi, 22 Machi

Nimemwambia Mama Pacha yote. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso mpaka nilipomaliza.

"Ulikuwa na mdomo wa kusema nyamazisha. Huna wa kusema nilisema?"

Nikasema sikumwambia afunge waya. Sikutaja waya. Nilisema anyamazishe tu.

Akaniangalia. Miaka ishirini na ushee ya ndoa, hajawahi kuniangalia hivyo, hata niliporudi likizo nimelewa na begi la mtu mwingine.

Kisha akaanza kulia. Na duka likienda tutakula nini? Pacha wamebakiza mwaka mmoja shuleni. Wewe nani atakuajiri na kichwa hicho cheupe, ukafungue mageti ya watu? Akalia na kuchambua, kulia na kuchambua. Mwisho akasema mchele huu una mawe mengi, tusinunue tena pale.

Sijui ananiambia nifanye nini. Nadhani na yeye hajui. Nampenda na nimemtia kwenye shimo.

Jumapili, 23 Machi

Nimetoka kumwona Koplo. Niliamua njiani. Nilijipiga moyo konde kabisa: nitamwambia, sema ukweli, sema ni mimi. Maneno mafupi. Niliyarudia kimoyomoyo tangu kituoni mpaka mlango wa wodi, midomo ikichezacheza, mlinzi akanitazama kama mgonjwa.

Mkewe alikuwa anamlisha uji kwa kijiko. Uso wa Koplo umevimba, umepakwa dawa ya njano, mikono yote miwili imefungwa bendeji mpaka viwiko. Aliponiona akajaribu kukaa wima.

"Lala chini," nikasema. Akalala.

Akatania kwamba amegeuka bondia, ngumi anazo ila hana mpinzani. Mkewe akacheka kidogo, akatoka kwenda kuteka maji. Tukabaki wawili. Kwenye kitanda cha jirani mzee alikuwa anakoroma.

Akaniuliza kama hoteli walichukua makoti yao. Nikasema walichukua. Akauliza kama yalikuwa yamenyooka. Nikasema yalinyooka sana. Akafurahi! Mungu wangu, alifurahi.

"Nimesikia kesho wale wa kampuni wanakuja."

"Wanakuja."

"Wataniuliza habari ya waya."

"Ndiyo."

Hana kinyongo. Nilitafuta kinyongo usoni kwake kwa bidii, nikakosa. Anajua kila kitu. Anajua aliuliza mara mbili. Aliniangalia vilevile alivyokuwa akiniangalia langoni kambini usiku, gari geni likija na taa kali, kabla hajashusha kizuizi.

"Niseme nini, afande?"

Nikafungua mdomo. Maneno yangu yote mafupi yalikuwepo. Nikaona duka, kibao, kijani. Nikaona pacha na sare zao za shule. Nikaona vidole vyake vilivyochungulia kwenye bendeji, vyeusi kwenye ncha.

"Subiri," nikasema.

"Sawa, afande."

Akafumba macho. Hivyo tu! Kama nimemwondolea mzigo.

Mkewe karudi na maji. Anasema asante kwa kuja, shemeji, ukija huwa anatulia. Nimetoka. Niko kwenye benchi la nje, jua bado lipo, na nimeshindwa kwenda kituoni na nimeshindwa kurudi ndani. Mlango wa wodi uko wazi. Kutoka hapa simwoni uso, naiona miguu yake tu chini ya shuka. Ameibana pamoja, visigino vimegusana.