Siku Niliyokuita Mutu wa Kuni

Baba,

Ulipokuwa hai sikuwahi kukutazama usoni. Ndiyo heshima ya kwetu: mke wa mtoto hasimami ana kwa ana na baba mkwe wake. Anapita pembeni, anaweka chakula na kuondoka. Miaka yote ile mimi na wewe tulizungumza kupitia kwa watu wengine, au mmoja akiwa ndani na mwingine nje ya mlango. Leo ninakuandikia, na hata hivi naona haya.

Niko Wamaza, nyumbani kwako. Ungecheka kumwona Alfonsi wako. Ameacha ofisi ya kodi Kasongo, ameacha meza na kalamu na viatu vya ngozi, na sasa anapanda michikichi yako na kamba kiunoni. Mimi nami niliacha kiti changu cha kupokea pesa kwenye duka la Mgiriki. Watu wa Kasongo walisema tumepata wazimu. Wa hapa walisema mwanamke huyu ana moyo, amemfuata mume wake mpaka shambani, amekubali mikono yake iharibike. Walinisifu mbele ya kaburi lako, Baba, nami nikazipokea sifa zile.

Kugema hajui. Analikata ua la mchikichi taratibu kama anafungua bahasha ya Administrata, mzungu mkubwa wa serikali. Nyuki wanamfukuza, anashuka magoti yamechunika. Lakini anapanda asubuhi na jioni, hajakosa hata siku moja. Vibuyu vinarudi na pombe kidogo tu, na hiyo kidogo inakuwa chachu kabla jua halijapanda. Majirani wanaionja, wanasema asante, halafu wanakwenda kuitema nyuma ya nyumba.

Naye mpaka jana alisema ni wewe. Alisema umemkataa.

Alikuwa na sababu zake. Baada ya safari yako ya mwisho Kasongo hukuja tena kwetu, miaka miwili, mpaka kufa. Alikutumia salamu, ukajibu uko salama. Alituma mtu na baiskeli akulete, mtu akarudi peke yake. Tangu hapo alikuwa anajichunguza. Labda ni ile blanketi aliyoahidi akachelewa, labda ni neno alilosema juu ya kaptula yako iliyotoboka. Hakujua kwamba jibu lilikuwa linalala naye kitanda kimoja. Ndiyo maana aliacha kazi, ili akutunzie michikichi na wewe umsamehe.

Wewe unajua kilichotokea. Acha nikiseme hata hivyo, maana kwako sijawahi kukisema.

Siku ile tulikuwa tunangoja wale wa kukagua nyumba, kwa ajili ya karte ya evolue, cheti cha mtu mweusi aliyehesabiwa kuwa amestaarabika, ambayo Alfonsi alikuwa ameiomba. Kila mtu Kasongo alijua wanatazama nini: kama mna uma na visu, kama kitanda kina shuka, kama mume na mke wanakula meza moja, kama choo ni safi. Nilikuwa nimepiga pasi mpaka vitambaa vya kufutia vyombo. Ndipo ukatokea nyuma ya nyumba, miguu myekundu kwa vumbi la siku mbili, kibuyu cha mawese begani na kuku kwapani. Hukujua ni siku gani, nani angekuambia? Nilikuomba ukae jikoni kidogo, mpaka wageni wapite. Ukaitika vizuri, ukakaa.

Walifika mapema, Alfonsi akiwa bado ofisini. Mzungu mmoja, padri mmoja, na karani mmoja wetu, mtu mweusi mwenye miwani. Huyo karani ndiye aliyefungua mlango wa nyuma. Alikuona, akaniuliza kwa Kiswahili:

"Ule muzee ni nani?"

Baba, hakuna aliyenilazimisha. Mzungu hakuwa hata anasikiliza, alikuwa anahesabu vijiko. Nikasema:

"Ule? Iko mutu wa kuni tu."

Ulisikia. Uliinuka polepole, ukaweka kuku chini, ukachukua mzigo wa kuni uliokuwa umeegemea ukuta na kuzipanga mbele ya jiko, kipande kwa kipande, kama mtu wa kazi kweli. Kisha ukaja mpaka mlangoni. Siku zote ulikuwa unaniita Mama, kama wazee wanavyowaita wake za watoto wao. Siku ile uliinamisha kichwa mbele yangu, wewe uliyemzaa mume wangu, ukasema:

"Nimemaliza, madamu."

Walipoondoka nilikimbia nyuma. Kibuyu cha mawese kilikuwa pale, kuku amefungwa mguu kwenye kinu. Wewe hukuwepo, na hukuwa umekunywa hata maji. Alfonsi aliporudi nilimwambia ulipita tu, ulikuwa na haraka. Kuku tulimla. Karte tuliipata.

Kuna la pili, na hili ni baya kuliko la kwanza. Tulipokuja hapa baada ya matanga, dada yako, Shangazi Zaina, alituita chini ya mchikichi. Yeye tangu aolewe na Mwislamu hanywi pombe, lakini desturi za mashamba haya anazijua kuliko wanywaji wote. Alileta bakuli la maji. Michikichi ya marehemu haipandwi mpaka kila mtu wa nyumba ataje neno lililobaki kati yake na yeye, apige funda la maji, ateme chini; la sivyo haitoi pombe. Alfonsi alitaja mengi, mengine ya kitoto, akalia mbele ya watu. Zamu yangu ilipofika nilisema, "Mimi sina neno na Baba." Nikatema maji yangu vizuri kabisa. Shangazi alinitazama kidogo, akachukua bakuli lake.

Mimi siamini kila kitu. Masista walinifundisha mambo mengine, na kisu cha Alfonsi ni butu, hilo nalo naliona. Lakini juzi alishuka na kibuyu kikavu, akasema ataiangusha michikichi yote itoe pombe yake ya mwisho, halafu atarudi Kasongo kuomba kazi. Michikichi ambayo baba yako aliiotesha. Alisema, "Baba hanitaki hapa." Nilikuwa natwanga, nikaendelea kutwanga.

Leo asubuhi nilimwomba Shangazi lile bakuli tena. Alfonsi alikuwa ameshafunga kamba kiunoni. Nilisema yote, mbele yao wawili, na neno la karani, na neno langu, na neno lako. Nilijua atanipiga au atanirudisha kwa wazazi wangu. Alikaa chini kwenye majani. Akauliza:

"Basi haikuwa mimi?"

Nikamwambia hapana, haikuwa yeye.

Baba, alifurahi. Alifunika uso kwa mikono, akalia kwa furaha. Hasira nilikuwa nimejiandaa nayo, lakini furaha ile sikujua niiweke wapi. Miaka miwili nilimwona akiteseka nikampikia, nikamfulia, nikalala. Hasira ilikuja baadaye. Amepanda, amekata, ameshuka, amekula kwa Shangazi, na hajasema nami mpaka sasa. Ana haki.

Sijui kama pombe itatoka. Siandiki ili itoke. Ninaloomba ni kwamba kosa hili usimwekee yeye, hata kidogo.

Ahadi yangu ni hii. Siku ya soko nitakwenda Wamaza katikati na vibuyu vyetu, hata kama pombe ni chachu. Wakiniuliza mwenye michikichi hii alikuwa nani, nitawatajia jina lako lote, na jina la baba yako. Nitasema alikuwa baba mkwe wangu, alikuja kwangu kwa miguu, nami nikamkana mbele ya wageni. Nitamwambia anayeuliza na asiyeuliza, mpaka Wamaza nzima ijue.

Kwaheri, Baba.

Anjelina, mkwe wako.