Neno la Baba Uwanjani

Mjukuu wangu Neema,

Amani ya Bwana ikufikie hukohuko shuleni. Sisi tu wazima, na mama yako amevuna maharage.

Unauliza kwa nini nakupigia kelele "Komera!" ukicheza netiboli. Neno hilo ni la baba yangu. Kwa Kirundi ni kusema, jipe nguvu. Enzi za kambi ya wakimbizi tulicheza na wasichana wa Ujiji, naye akalipaza kila niliposhika mpira. Mwalimu wao akasikia "koma".

"Mzee, usimkemee mtoto, mbona anacheza vizuri?"

Baba akaomba radhi. Baadaye nilimweleza mwalimu, wakacheka wote wawili. Lakini tangu siku hiyo baba alitazama mechi zangu kimya, kiganja mdomoni. Nilifunga magoli mengi nikitamani kulisikia tena. Hakulirudia mpaka Bwana alipomchukua.

Wenzako wakinicheka, waache wacheke. Usiniombe ninyamaze.

Bibi yako