Namba 4417 Kichwani mwa Muuaji

Panda, Likasi, 3 Juni 2024

Mwanangu Clovis,

Salamu katika jina la Bwana. Mguu wangu umepunguza kuuma. Natumaini nawe u mzima huko Lubumbashi. Salamu zimekwisha, sasa nisikilize.

Jana majirani walijaa sebuleni kutazama ile filamu yenu ya polisi, maana nilitangazia mtaa mzima kwamba mwanangu ndiye anayetafuta nguo na vifaa vya waigizaji. Muuaji akatokea. Kichwani, kofia ya mgodi ya baba yako! Namba 4417 ikajaa kioo kizima. Unajua kabisa kwamba hapa Panda walimjua Firmin kwa namba yake ya kazi kuliko kwa jina. Jirani yetu Rosalie akapiga ukelele: "Mama Clovis! Ile casque iko na namba ya bwana yako!"

Pasaka ulisema unataka ukumbusho wa baba. Nikakufungia kofia hiyo kwa kitenge changu. Miaka thelathini na moja mtu yule hakuiba hata msumari wa kampuni, na leo wajukuu zake wanaitwa "bajukulu ya muuaji" njiani. Nina hasira, Clovis. Iondoe kofia hiyo kwenye filamu.

Mama yako


Lubumbashi, 9 Juni

Mama mpenzi,

Pole na mguu. Mimi mzima, ila kazi imenibana, na wewe unanigombeza kama mtoto! Kofia mpya nilizipaka matope, nikazisugua kwa mawe. Mwongozaji akasema bado zinanuka duka. Ya baba aliipenda papo hapo. Sasa tumeshapiga sehemu sita, na muuaji hawezi kubadilisha kofia katikati ya hadithi. Ni mchezo tu, Mama. Watu wa Panda wasituletee ushamba.

Hata hivyo nimekupigania. Mwisho wa kila sehemu wataandika: "Shukrani kwa marehemu Firmin wa Panda, Likasi." Furahi kidogo, basi.

Mwanao, Clovis


Panda, 12 Juni

Clovis,

Mguu unauma tena. Kwa hiyo asiyejua namba sasa asome jina? Akili umeiacha wapi? Nasikia Jumatano ijayo mnakuja kupiga picha Kamatanda, hapa karibu. Uniletee kofia asubuhi. Usipoileta, nitaifuata.

Mama yako


Panda, 20 Juni

Clovis,

Sikuulizi hali, jana nilikuona, umenenepa.

Nilikungoja mpaka saa saba mchana, kisha nikapanda pikipiki. Yule mwigizaji wenu ana adabu. Nilipomwambia ni ya mume wangu aliivua mwenyewe, akanipa kwa mikono miwili. Mwongozaji ndiye aliyefoka: "Huyu mama ni wa nani?" Akauliza mmoja mmoja, mpaka akafika kwako, umesimama kando ya gari la kamera.

Ukasema: "Minye simujue."

Nilikusikia vizuri, eti hunijui. Mlinzi akanishika mkono hadi barabarani.

Kofia ninayo, haitoki tena. Siku ukifika Panda, anzia kwa Rosalie, umuulize nyumba ya Eugénie ni ipi.

Eugénie, mjane wa Firmin