Ganda Lililokatika Mbele ya Mkanda

Ifakara, mwezi wa sita

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mama aliniandikia kwamba sasa unafika kanisani kwa miguu yako, nikafurahi sana. Nisamehe kwa kukaa kimya tangu uchaguzi wa vyama vingi. Mimi mwili mzima, ila moyo umechafuka, na wewe utanielewa, maana uliishi na bunduki miaka yote ya kazi yako.

Bado natunza stoo ya silaha kwenye kampuni ya uwindaji. Bunduki zetu karibu zote ni magnum, zile za risasi zenye mkanda wa shaba kwenye kitako. Uzuri wake sikubishii. Zinamwangusha nyati, na kwa kuwa ganda la risasi ni refu na limechongoka taratibu, huingia chemba, nyuma ya mtutu, kwa ulaini hata bunduki ikiwa na joto na vumbi. Lakini ulinifundisha kwamba mkanda ule ndio nguvu ya ganda, na hapo naomba nikupinge kwa heshima. Mkanda unazuia risasi isizame ndani kupita mahali pake, basi. Ukilijaza ganda baruti mara ya pili, mara ya tatu, shaba iliyo mbele kidogo ya mkanda inavutika, inabaki nyembamba kama karatasi. Tena bunduki zenyewe zinapiga bega vibaya, na risasi zake hazipatikani hapa; zinaagizwa, zinakaa bandarini miezi.

Ndiyo maana Meneja akaanza kujaza maganda ya zamani. Niliona kwenye baadhi yake mstari unaong'aa umezunguka juu ya mkanda. Nikachukua spoku ya baiskeli, nikaikunja ncha, nikaipitisha ndani ya ganda tupu lenye mstari kama ule. Ikanasa kwenye mfereji, pale shaba ilipokonda. Nikamwonyesha Meneja. Akaniambia nishughulike na leja yangu.

Siku chache baadaye watu wa kijiji cha Mngeta walikuja kuomba msaada. Nyati dume aliyejeruhiwa na mtego wa waya alikuwa kwenye mpunga na watu wameacha kuvuna. Akatumwa Lihame, Mndamba mmoja mtulivu, mwindaji wetu wa siku nyingi. Nilimkabidhi risasi zile zile za maganda yaliyojazwa upya, Meneja amesimama pembeni yangu.

Risasi ya kwanza ilimpata nyati begani. Lihame akavuta bolti atoe ganda, kikatoka kitako na mkanda wake tu. Mwili wa ganda ulibaki chemba, na risasi ya pili ikagoma kuingia. Nyati akamfikia. Wenzake Lihame aliokwenda nao walimuua nyati kwa bunduki nyingine, lakini paja la Lihame limechanika vibaya. Amelazwa hapa Ifakara, na madaktari hawajui kama mguu utakunjika tena.

Nilipokwenda kumwona hakulalamika. Alisema, "Dada, nilivuta vizuri. Nusu ndiyo ilibaki."

Kinachonichoma ni kwamba Meneja ameandika ripoti kuwa Lihame alibabaika, akataka nitie sahihi kwamba risasi zilikuwa mpya. Nilikataa. Nikamwekea mezani kile kitako kilichokatika pamoja na spoku yangu. Hakuvigusa. "Wewe ni karani wa stoo, si fundi bunduki," akasema, kisha akadai funguo.

Nilizirudisha asubuhi yake. Kabla ya hapo niliyapitia maganda yote matupu yaliyosubiri kujazwa, na kila lililonasa spoku nikaliponda kwa nyundo. Sasa nimekaa chumbani kwangu Katindiuka nikingoja barua ya kufukuzwa.

Jana mke wa Lihame alinifuata. Ndugu wa mumewe wameambiwa mtu wao alikuwa mzembe, na wameanza kuamini. Nikamweleza yote, pamoja na kwamba mkono uliotoa risasi zile ni wangu. Akasema, "Niandikie hayo yote, na hilo la mkono wako usiliache. Nitawasomea mwenyewe."

Nikaandika, nikatia sahihi kwa majina yangu matatu. Aliikunja karatasi, akaifunga kwenye pindo la kanga, akaelekea hospitali.

Mpe Mama shikamoo yangu, na shangazi anayekaa nanyi. Mdogo wangu aliye chuo cha ualimu mwambie nimepata barua yake. Nikifika huko mapema kuliko mlivyonitegemea, Baba, usiniulize mbele ya watu kwa nini nimeacha kazi.

Ni mimi binti yako,
Modesta