Nilimwambia Daktari Hakung'olewa Jino

Mpendwa mshauri, naomba msaada, nimechoka hata sijui nianzie wapi. Mimi ni Asnath wa Ipuli, mume wangu Mhoja anarina asali huko Sikonge, na tangu utotoni moyo wake una kasoro, vali moja haifungi vizuri, nami nalijua hilo. Mwezi wa tatu jino lilimuuma hadi shavu likavimba, nikaona hospitali kuna foleni, nikampeleka kwa kaka yangu Ngassa anayeng'oa meno nyumbani kwake, akang'oa, usaha ukatoka, tukashukuru. Wiki mbili baadaye homa ikaanza, inashuka inapanda, tukameza dawa za malaria mara tatu, mtu akaisha mwili, akawa anahema kutoka kitandani hadi mlangoni, ndipo akalazwa. Daktari akasema vali ina maambukizi, akaniuliza, "Mama, aling'olewa jino karibuni?" Ngassa alikuwa amekaa palepale, na Mhoja hana hata nguvu ya kusema, nikajibu hapana. Leo siku ya tisa ya sindano, kapata nafuu anataka turudi nyumbani, mama mkwe anasema amerogwa, kaka anasema nikimtaja nimemfunga. Nifanyeje?

Asnath, pole. Barua yako sikuiacha isubiri gazeti, nilikupigia siku hiyohiyo. Wasomaji nao wasikie nilichokuambia.

Jino bovu limejaa vijidudu, na likiguswa huingia kwenye damu. Moyo mzima kwa kawaida huvishinda. Vali yenye kasoro ndipo vinapojishikiza na kuitafuna. Uchawi haumo. Kutojua hatari ya jino kwa moyo huo nakusamehe, lakini kumdanganya anayemtibu mumeo ili kaka asione aibu, hapana.

Ulikwenda kusema ukweli, ukanipigia jioni kunieleza. Daktari hakukugombeza. Alimwita wa meno, wakakuta kipande cha mzizi kimebaki kwenye fizi, kinatunga usaha. Kimetolewa. Kingebaki, sindano zingeisha na ugonjwa ungerudi.

Sasa sikiliza. Wiki sita za sindano azimalize zote, hata akijiona mzima. Mizinga arine ndugu yake. Siku nyingine kabla ya kuguswa jino, aseme kwanza habari ya moyo wake, apewe dawa ya kinga. Ngassa mwambie kazi hiyo aache leo, akikataa nenda mwenyewe kwa mganga mkuu wa wilaya, yule wa serikali. Na ukimpelekea Mhoja uji, kaa umwombe radhi. Anajua ulichojibu.