Mstari Ambao Hukunisomea Kando ya Ziwa

Baba Zaituni, mume wangu,

Jana mjukuu wako alinipeleka kwenye ile bustani yenye ziwa dogo. Nilikaa kwenye benchi nikakukumbuka mpaka mtoto akauliza, "Bibi, mbona unacheka peke yako?" Nimeona nikwambie wewe kwanza.

Unaikumbuka Jumapili yetu ya kwanza pale? Nilikuwa na mwezi mmoja tu Temeke tangu unioe na kunitoa Newala. Wewe ulikuwa unachonga mpingo uani tangu asubuhi, mie nashinda chumbani nikisikiliza tezo lako. Sukari kwa foleni, maji kwa foleni, na majirani wananicheka ninavyoongea. Siku hiyo ukaacha kazi, ukavaa suruali ya harusi, ukasema, "Somoe, jifunge khanga mpya. Leo tunatembea."

Hili sikuwahi kukwambia. Asubuhi ile nguo zangu zilikuwa zimeshafungwa, nimezificha kwa jirani. Kesho yake, ukishapeleka vinyago mjini, nilikuwa nipande basi nirudi kwa mama.

Tulilizunguka ziwa polepole. Watu wengine walitazama bata na maua. Wewe ulikuwa na miti yako. Kila shina unaligonga kwa vidole, unatega sikio, unanitajia jina lake kwa Kimakonde. Mtunza bustani akafoka kwa mbali, "Ndugu! Miti ya umma hiyo, haipigwi!" Ukamjibu kwa adabu zote, "Siipigi, ndugu. Naisalimia." Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye majani. Tangu nije mjini sikuwa nimecheka.

Ukaninunulia karanga, tukakaa kwenye benchi tukitazama maji. Karanga zilipokwisha, ukatoa barua mfukoni. "Ya mama yako, imefika Alhamisi," ukasema. "Sikujua nikwambie vipi."

Mie sikujua kusoma. Ukanisomea taratibu: mama amehamishiwa kijiji cha ujamaa pamoja na wenzake wote, nyumba yetu imeezuliwa paa, mihogo imebaki shambani. Kumbe kule nilikokuwa nataka kukimbilia hakukuwa na nyumba tena. Nikalia mbele za watu. Ukanifuta machozi kwa kiganja chako kigumu, ukasema, "Tukiuza vinyago hivi nitakupeleka ukamwone mama. Ila turudi wote, Somoe. Mie hapa bila wewe sitaweza."

Hukuwa mtu wa maneno mengi. Jioni ile nilikwenda kwa jirani kuchukua nguo zangu.

Na kweli ulinipeleka. Tulimkuta mama kwenye kibanda kipya, analalamika kuwa kisima kiko mbali na palepale anacheka na majirani zake wapya. Tukakaa wiki mbili, tukarudi wote.

Miaka ikapita, nikaingia darasa la watu wazima, wewe ukibaki na Zaituni. Nilipoweza kuunga maneno, kitu cha kwanza nilichotaka kukisoma ni barua ile. Nikaitoa sandukuni wakati umetoka, nikaifuata kwa kidole mpaka mwisho. Nikakuta mstari ambao hukunisomea: "Mkwe wangu, kama mwanangu hajazoea huko, mlete. Tutabanana hapahapa."

Nilikununia siku mbili, ukadhani nina homa, ukanipikia uji. Siku ya tatu, nikiutazama ule uji ulivyojaa madonge, nikazikumbuka nguo zangu nilizokuficha kwa jirani. Nikaikunja barua, nikairudisha kama nilivyoikuta. Hukujua, na mie sikusema, mpaka tukakuzika.

Jana pale bustanini nimefikiri sana. Nilikuwa mdogo, nilikuwa na hasira na mji huu, na mama alikuwa ananiita. Ungeusoma mstari ule, ningeondoka siku ileile, na Zaituni asingekuwepo, wala huyu mtoto aliyenishika mkono kando ya maji.

Ulifanya kosa, mume wangu. Nakushukuru kwa kosa lile.

Lala salama,

Mkeo, Mama Zaituni